Dubu Anataka Nini?

Armand Daigle alikuwa jikoni, akipika vibibi vya ngano nyeusi. Nje theluji ilikuwa imefika dirishani. Mkewe, Joline, alikuwa anatafuta kofia ya kazini. Joline alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee ya mjini. Armand alifanya kazi katika ghala la viazi, kama nusu ya wanaume wa bonde lile la kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani. Binti yao Camille, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa mezani, anapaka siagi kibibi chake kwa vidole vyote.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Voisine, mwalimu wa darasa la kwanza.

"Bwana Daigle, Camille anasoma maneno vizuri sana," alisema mwalimu. "Lakini haelewi hadithi. Akimaliza kusoma, nikimuuliza kimetokea nini, ananyamaza. Asipobadilika kabla ya mwisho wa mwaka, nafikiri itabidi arudie darasa."

Armand alikata simu. Hakusema kwaheri. Kibibi kilikuwa kinaungua, na yeye alikuwa anakitazama tu.

"Kuna nini?" aliuliza Joline.

"Wanataka kumrudisha darasa! Wanataka kumfanya mtoto wangu kituko!"

"Punguza sauti, anakusikia."

"Asikie! Mwanangu harudii darasa. Labda niwe nimekufa."

Joline alijua hasira ile ilitoka wapi. Armand mwenyewe aliwahi kurudishwa darasa alipokuwa mdogo. Wenzake walipanda, yeye akabaki na watoto wadogo, magoti yakigonga meza. Walimwita Gogo. Mpaka leo, pale ghalani, wapo wanaume wazima wanaomwita Gogo na kucheka. Naye hucheka nao, lakini moyoni anawaka.

Jioni ile Armand alianza shule yake mwenyewe. Alikuwa ametafuta kwenye simu namna ya kufundisha hadithi, akapata maneno manne: mhusika, mandhari, tatizo, suluhisho. Alimkalisha Camille mezani kabla hata hajavua buti.

"Sema. Mhusika ni nini?"

"Mhusika ni mtu au mnyama aliyemo ndani ya hadithi," alijibu Camille.

"Mandhari?"

"Mandhari ni mahali na wakati hadithi inapotokea."

"Safi!" Armand aligeuka kumtazama mkewe. "Unaona? Nani kasema hana akili?"

Kila jioni walikariri hivyo. Camille aliyajua yale maneno kama wimbo. Basi Armand akachukua kitabu walichoazima maktaba. Kilikuwa kitabu cha picha, hadithi ya dubu anayetafuta pango la kulala wakati wa baridi. Alikisoma haraka, ukurasa baada ya ukurasa, bila kupumzika.

"Haya. Mhusika ni nani?"

"Mhusika ni mtu au mnyama aliyemo ndani ya hadithi."

"Ndiyo, lakini ni nani?"

Camille aliangalia mikono yake. "Mtu... au mnyama?"

"Ni nani, Camille! Nimekusomea sasa hivi! Tatizo lake ni nini?"

"Tatizo ni jambo gumu linalompata mhusika."

Armand alipiga meza kwa kiganja. Kikombe kikaruka, maziwa yakamwagika. "Unanifanyia mzaha? Unataka wakuite Gogo na wewe?"

Mtoto alishtuka, akavuta kitabu kwake ili ajifunike uso. Armand naye akakivuta. Kitabu kikapasuka katikati. Camille aliteleza kutoka kitini, akajificha chini ya meza, wala hakulia.

Joline alisimama mlangoni, amekunja uso.

"Armand! Huyo ni mtoto, si gunia la viazi! Unambwaga unavyotaka?"

"Namsaidia!"

"Unamsaidia? Hebu mwangalie. Mwaka jana alikuwa analala na vitabu kitandani. Leo akiona kitabu anakimbia chini ya meza. Huo ndio msaada wako?"

Armand alichukua koti, akatoka kusukuma theluji ambayo alikuwa ameshaisukuma mchana.

Jumamosi Joline alikuwa kazini. Armand alimchukua Camille, wakaenda kurudisha kile kitabu. Mkutubi wa vitabu vya watoto alikuwa Verna Pelletier, jirani yao wa nyumba ya pili. Bi Verna alikuwa mama mfupi, mwenye miwani mikubwa na ulimi mkali. Aliwasomea watoto wa mji ule kwa miaka mingi, na wengine wao sasa walikuwa wanamletea watoto wao.

Alivitazama vile vipande viwili vya kitabu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Armand. "Nitalipa."

"Sijakuuliza habari ya kulipa. Kitabu nitakigundisha. Huyu je, utamgundisha na nini?" Alimwonyesha Camille, aliyekuwa amesimama mbali na rafu za vitabu, kama mtu anayeogopa mbwa. "Nilikuwa nje juzi, Armand. Nilikusikia hadi kwangu."

Armand akawaka. "Bi Verna, kila mtu na nyumba yake! Shule wanamwita mjinga. Ulitaka nikae tu, ninywe kahawa?"

"Hajaitwa mjinga. Ameambiwa haelewi hadithi. Wewe umemfundisha nini?"

"Vitu vya hadithi! Mhusika, mandhari, tatizo, suluhisho. Anavijua vyote kwa moyo."

"Kwa mdomo," alisema Bi Verna. "Hebu niambie. Ulipomfundisha shemeji yako kuendesha pikipiki ya theluji, ulimkaririsha majina ya vyuma, au ulimpandisha?"

"Nilimpandisha," alisema Armand.

"Ulimpandisha. Sasa huyu mtoto hujampandisha bado. Umempa majina, hadithi yenyewe hujampa. Kaa hapo, na ufunge mdomo."

Armand alikaa. Hasira zilimkaba, lakini alikaa. Bi Verna alikaa chini kwenye zulia, akaviunganisha vile vipande mapajani. Hakumwita Camille. Alifungua ukurasa wa kwanza akaanza kuutazama peke yake.

"Maskini," alisema, kama anajisemea. "Huyu naye kapatwa na nini?"

Camille alisogea kidogo. Akasogea tena.

"Unamwona nani hapo?" aliuliza Bi Verna.

"Dubu."

"Basi hadithi hii ni ya dubu. Huyo ndiye mhusika wetu. Yuko wapi?"

"Msituni."

"Kipindi gani?"

"Baridi."

"Umejuaje?"

Camille aliweka kidole kwenye picha. "Theluji. Na miti haina majani."

"Vizuri, umenionyesha. Hapo msituni, wakati wa baridi, ndiyo mandhari. Sasa, ingekuwa kiangazi, huyu dubu angehangaika hivi?"

Camille alifikiri. Armand alifungua mdomo ili ajibu, na Bi Verna akamkata jicho. Armand akaufunga.

"Hapana," alisema Camille hatimaye. "Kiangazi angelala popote."

"Kwa hiyo dubu anataka nini?"

"Pango. Anasikia usingizi."

"Na nini kinamzuia?"

"Mapango yote yana wenyewe! Hili lina popo, na hili lina mbweha mkali!"

"Hilo ndilo tatizo. Mtu anataka kitu, na kuna jambo linamzuia. Bila hilo hakuna hadithi. Wewe ungekuwa dubu, ungefanya nini?"

"Ningewaomba popo. Wao wanalala juu, mimi ningelala chini."

Bi Verna alifungua ukurasa. Wakasoma polepole. Kila baada ya kurasa chache alisimama, akauliza, akangoja. Dubu alipopata pango lake mwishoni, Camille alipumua kama yeye ndiye aliyetembea msitu mzima.

"Haya, zamu yako," alisema Bi Verna. "Nitungie hadithi mimi. Nataka mtu, mahali, anachokitaka, na kinachomzuia."

Camille alimtazama baba yake kidogo, kisha akaangalia zulia.

"Kulikuwa na dubu," alisema. "Alikuwa jikoni. Jioni. Alikuwa na buti zake."

"Alitaka nini?"

"Alitaka mtoto ajue kitabu."

"Nini kilimzuia?"

"Dubu akinguruma, mtoto hasikii maneno. Anasikia kunguruma tu."

"Ikawaje mwisho?"

"Sijui," alisema Camille. "Haijaisha."

Uso wa Armand ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alitoka nje bila koti, akaenda hadi kwenye gari lake na kulipiga gurudumu teke. Akalipiga tena. Alimkasirikia Bi Verna kwa kumwaibisha mbele ya mtoto. Alimkasirikia Bi Voisine na simu yake. Alimkasirikia yule mwalimu wa zamani aliyemrudisha darasa bila kumuuliza hata swali moja. Baridi ikamchoma kupitia shati. Mwishowe alibaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia, yaani yeye mwenyewe, na huyo hakuweza kumkimbia.

Alirudi ndani. Akainua kiti. Akakaa chini kwenye zulia, akiwa amekunja magoti.

"Dubu yule," alisema, "hakutaka kumtisha mtoto. Alikuwa anaogopa."

Camille aliinua kichwa. "Alikuwa anaogopa nini?"

Bi Verna alitabasamu, akafuta miwani yake. Lilikuwa swali la kwanza la Camille juu ya moyo wa mhusika.

"Aliogopa mtoto atachekwa," alisema Armand. "Kama alivyochekwa yeye alipokuwa mdogo."

"Basi angesema," alisema Camille. "Asingenguruma."

"Kweli. Angesema. Nisamehe, mwanangu."

Walipokuwa wanaondoka, Bi Verna aliwapa vitabu vingine, akamshika Armand mkono. "Sikiliza. Soma polepole. Uliza nani, yuko wapi, anataka nini, nini kinamzuia, anafanyaje, inaishaje. Lakini usiulize yote kwa pamoja kama polisi. Mwache akuonyeshe kwenye picha au kwenye maneno amejuaje. Akikawia, ngoja. Na ukisikia hasira zinakuja, funga kitabu. Kitabu kitakungoja, hakina haraka."

Basi nyumbani mambo yakabadilika, ingawa si kwa siku moja. Wakati wa chakula cha jioni Joline alisimulia habari za nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeficha meno ya bandia ya mwenzake ili amshinde karata.

"Mhusika ni nani hapo?" aliuliza Armand.

"Mzee mwizi wa meno!" alisema Camille. "Alitaka kushinda! Tatizo lake, mwenzake ana akili!"

"Na meno yanahusiana nini na karata?" aliuliza Armand.

"Bila meno mwenzake hawezi kusema vizuri, basi akimshtaki kwa udanganyifu hakuna atakayemwelewa," alisema Joline, na wote watatu wakacheka mpaka supu ikapoa.

Siku nyingine Armand alirudi amechoka, mkanda wa kuchambulia viazi umeharibika, msimamizi amemfokea. Camille alikwama kwenye swali. Sauti ya Armand ikaanza kupanda.

"Baba, unanguruma," alisema Camille.

Armand alifunga kitabu. Akatoka, akasukuma theluji, akarudi. Wakaanza tena pale walipoachia.

Majira ya kuchipua yalifika, njia zikawa tope tupu. Bi Voisine aliwaalika wazazi darasani siku ya kusikiliza hadithi. Armand alikaa nyuma kwenye kiti kidogo, magoti yakigonga meza. Mwalimu alisoma kitabu ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukiona. Kindi alikusanya karanga kwa ajili ya baridi. Kunguru akamdanganya, akaziiba karibu zote. Mwishoni kunguru alizimaliza, kindi akamkuta ana njaa, akampa hata zile chache alizobaki nazo, na wakacheza pamoja.

"Camille," alisema Bi Voisine, "mhusika mkuu ni nani?"

"Kindi. Na kunguru naye ni mhusika."

"Tatizo la kindi ni nini?"

"Anataka chakula cha baridi, na kunguru kamwibia."

"Na tatizo linakwishaje?"

"Halijaisha!" Camille alisimama. Mashavu yalikuwa mekundu. "Kunguru hakuomba msamaha! Kapewa karanga, kacheza, kaenda zake! Hakusema hata neno moja! Rudi nyuma, mwalimu, utaona."

Bi Voisine alirudisha kurasa. Akasoma kimya. Akaangalia picha ya mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Hakusema."

"Lakini alikuwa na njaa," alisema mvulana mmoja.

"Angeomba!"

"Labda aliona aibu," alisema Armand kutoka nyuma, na wazazi wenzake wakageuka kumtazama.

"Aibu si sababu, Baba! Anajua kusema. Ukurasa wa tatu alisema uongo!"

Darasa zima likapamba moto. Nusu walikuwa upande wa kunguru, nusu upande wa kindi, na kila mmoja alikuja mbele kuonyesha ukurasa wake. Bi Voisine aliwaacha. Baadaye, mlangoni, alimpa Armand mkono.

"Atapanda darasa la pili," alisema. "Na mimi nina kazi ya kufanya. Niliwauliza watoto maswali mengi, sikuwauliza wanaonaje."

Armand alitaka kujibu kwa ukali. Alikuwa na maneno tayari tangu majira ya baridi. Lakini Camille alimvuta mkono, bado anamshtaki kunguru, na akamshtaki ndani ya gari njia nzima ya tope hadi nyumbani.

Joline aliwasikia kabla hawajafika mlangoni. Mtoto alikuwa anapaza sauti, baba anapaza sauti. Alifungua mlango kwa nguvu.

"Kuna nini tena? Nani kakukasirisha, mwanangu?"

"Kunguru!" alisema Camille, akatupa buti zake, na akaanza kumsimulia mama yake toka mwanzo.