Vitundu Uani kwa Emérence

Kila asubuhi Emérence alifagia ua ambao hakuna aliyeuchafua. Mume wake alikuwa amekufa. Mwanawe wa pekee, Salomon, aliishi Beni, akiuza vipuri vya pikipiki, na wajukuu aliwajua kwa picha tu. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, pembeni mwa mji wa Butembo, na wenye pikipiki za kubeba abiria hawakupanda mpaka kule ila kwa kubembelezwa. Emérence alikuwa mpweke. Hakuna haja ya kulifunika neno hilo.

Salomon alipopiga simu, kila mara alisema jambo moja. Akipata saruji ya kutosha atakuja kusakafia ua wote, ung'ae kama nyua za matajiri wa mjini. Emérence alimshukuru. Hakumwambia kwamba saruji haikumhusu sana. Alimtaka huyo atakayeileta.

Upande wa jua, pale jiko la zamani lilipobomolewa, udongo ulikuwa mtupu na mgumu. Hapo palijaa vitundu vidogo, kila kimoja na rundo la vumbi mdomoni. Emérence alivichukia. Kwao mwanamke hupimwa kwa ua wake, na mjane hupimwa mara mbili. Ua wenye matundu, watu husema, ni ua usio na mwenyewe. Yeye alidhani ni sisimizi. Kila alipomaliza kusonga bugali, alichemsha maji mengine, akatia majivu, akavimwagia.

Mwaka ule maboga yalimkatalia. Yalitambaa vizuri na kutoa maua mengi, lakini viboga vichanga viligeuka manjano, vikaoza, vikaanguka. Na boga ndilo lililomlisha miezi mingi ya mwaka. Alilaumu mvua, akalaumu mbegu. Nusura amlaumu jirani yake Syauswa, ambaye kosa lake lilikuwa kupita njiani na kusifu maua.

Siku moja mwanamke kijana alipiga hodi. Mkononi alikuwa na wavu mdogo wenye mpini. Alisema anaitwa Solange, anafundisha kilimo katika chuo kimoja cha mjini, naye anatafuta wadudu wanaotembelea maua ya mazao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Emérence alileta kiti cha wageni, akakipangusa vumbi la siku nyingi.

Kiti hakikukaliwa sana. Solange aliona vile vitundu, akachuchumaa, akatulia. Kisha akamwita Emérence aje kutazama. Mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, alichungulia, akatoka, akaruka kuelekea maboga.

"Ile iko sisimizi ya mabawa," alisema Emérence.

"Hapana, Mama. Iko nyuki."

"Nyuki iko na muzinga. Iko na asali. Hii haina kitu."

Solange alimweleza taratibu. Nyuki wa asali ni aina moja tu. Wapo nyuki wengi wa mwituni wasio na mzinga wala malkia. Kila jike huchimba shimo lake mwenyewe. Huleta chavua, yaani ule unga wa manjano wa maua, akaufinyanga donge, akataga yai juu yake, akafunga. Mtoto hula akiba hiyo, hukua, na hutoka siku yake ikifika. Mara nyingi mama yake amekwisha kufa.

"Donc anaishi peke yake," alisema Emérence.

"Peke yake. Mais angalia, shimo yake iko karibu na ya mwenzake."

Emérence aliinama, akavitazama vitundu vilivyopakana. Halafu akakiri habari za maji ya moto, na uso ulimshuka.

Solange hakumlaumu. Alimpeleka kwenye maboga, akamwonyesha maua mawili. La kwanza lilisimama juu ya kikonyo chembamba. Hilo ni ua dume. La pili lilikuwa na kiboga kidogo chini yake. Hilo ni ua jike. Unga wa dume usipomfikia jike, kiboga huanguka. Na unga hauna miguu, lazima ubebwe.

"Wenye kuubeba ndio nilikuwa nachoma," alisema Emérence.

Solange alimfundisha la kufanya kwa sasa. Asubuhi, maua yakiwa wazi, achume ua dume, alivue majani yake ya manjano, aguse nalo katikati ya ua jike. Tena asimwage maji ya moto kwenye vitundu, wala kunyunyiza dawa ya wadudu kwenye maua. Kisha akaweka nyuki wachache ndani ya chupa ndogo. Alisema hajapata kuona wa namna hii, ataenda kuuliza.

Emérence alifuata yote. Kuiacha ile pembe bila kufagia kulimwuma kuliko kazi yoyote, lakini aliiacha. Msimu uliofuata viboga vilishika, hata vile ambavyo hakuvigusa.

Solange alirudi baada ya muda mrefu, akiwa na furaha.

"Mama, nyuki yako iko mupya."

"Mupya namna gani? Alizaliwa jana?"

"Hapana. Alikuwa hapa mbele ya siye bote kuzaliwa. Mais hakuna mutu aliandika juu yake."

Alieleza kwamba yeye na wenzake walimlinganisha na nyuki waliokaushwa na kutunzwa katika makumbusho ya karibu na mbali. Kwa kioo cha kukuzia walitazama mishipa ya mabawa, vishimo vya usoni, nywele za miguu. Hakufanana na yeyote. Basi waliandika kila tofauti na kumchora. Wale wachache wa chupani watatunzwa daima, ili mwenye shaka akajionee. Wataalamu wengine walisoma na kuuliza maswali magumu, na hapo ndipo jina lake lilikubaliwa. Solange alichagua jina la kilima kile. Mpaka sasa nyuki huyo hajaonekana kwingine, alisema. Huenda yupo, bado wanatafuta. Aliomba udongo ule usifunikwe.

Juma lilelile Salomon alipiga simu. Saruji imepatikana. Anakuja Jumamosi na mafundi.

Emérence alikaa na simu sikioni. Akikubali, nyuki wamekwisha. Akikataa, huenda mwanawe asije. Salomon aliuliza kama mtandao umekatika.

"Salomon, hapana leta ciment."

"Juu ya nini, Mama? Batu batasema nimekuacha mu udongo."

Alimweleza habari za nyuki. Salomon alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Sasa nikuye na nini?"

"Kuya tu. Niko peke yangu, Salomon. Ile ciment nilikuwa naingojea juu ya kukuona weye."

 Sauti ya Salomon ilishuka.

"Mama, nilikuwa nasikia haya kuya mikono mitupu. Ndiyo ilinichelewesha."

Kumbe wote wawili walikuwa wakisubiri mifuko ya saruji, na hakuna aliyeihitaji.

Jumamosi Salomon alifika na koti lake tu. Alipanga mawe kuzunguka ile pembe, watu wasiikanyage. Walikubaliana kwamba saruji, siku ikipatikana, itawekwa kwenye njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni, basi. Jioni walikula boga, na Syauswa akapelekewa lake. Salomon alilala siku mbili, akarudi Beni, na nyumba ikawa kimya tena. Emérence alilia kidogo, kisha akaenda kuyapalilia maboga.

Wiki iliyofuata simu iliita. Salomon hakutaja saruji. Aliuliza kama Jumamosi anaweza kuja na batoto.