Walipost Amekubali Kabla Hajaulizwa

"Kahiga, shika hiyo kamba vizuri! Unafunga hema ama unafunga mbuzi?"

Huyo ni anko Muiruri, mwenye hema, mwenye viti na mwenye mdomo. Nimemfanyia kazi tangu nimalize form four. Harusi, matanga, harambee, sisi tuko. Lakini hiyo Jumamosi kamba ilikuwa inanishinda, na si baridi ya Molo. Hema tulikuwa tunaweka kwa boma ya Mzee Kimeli. Sherehe ilikuwa koito ya msichana wake, Chelagat.

Chelagat wangu.

Koito, kama hujui, ni ile siku watu wa kijana wanakuja kwa kina msichana kuomba bibi. Wazee wanaongea, msichana anaulizwa, halafu mursik inamwagwa kutoka kwa kibuyu. Mkishakunywa hayo maziwa, maneno imeisha. Huwezi amka Jumatatu useme ilikuwa mchezo.

"Anko, si ungenipea kazi ingine leo?"

"Kazi gani? Si ulisema hiyo story iliisha?"

Kusema nilisema. Tulipendana tukiwa shule, halafu akapata kazi ya utangazaji Nakuru, Upepo FM. Kila asubuhi nilikuwa nabeba viti nikimskiza kwa simu. Akicheka hewani nilikuwa najua kicheko gani ni chake na gani ni ya kazi. Kisha kampuni ya kuuza nyumba Kiamunyi, inaitwa Kilele Makao, ikanunua stesheni. Haikukaa, mtandao mzima ukawa ni Chelagat na mtangazaji mwenzake, Makokha. Makokha amemletea maua. Makokha na Chelagat wanaangalia nyumba Kiamunyi.

Mimi nikasema hiyo ni kiki tu, ya kuuza nyumba. Lakini ikatoka Bonde Moto, ikatoka Udaku wa Nax, ikatoka page nne tofauti, kila moja inasema imeongea na mtu wa ndani. Page moja inaweza danganya. Nne?

Nikamwandikia kwa page yake: "Chela, ni kweli?"

Jibu ikakuja: "Nimemove on. Heshimu mapenzi yetu na Makokha. Asante kwa support ❤️"

Asante kwa support! Mimi! Nikablock namba yake. Namba ingine nisiyoijua ikaanza kunipigia, nikablock hiyo pia. Lakini redio sikuzima. Mapenzi ni ujinga, unablock mtu halafu unarauka kumskiza akisoma matangazo ya ploti.

Watu wa kampuni wakafika na kamera. Jamaa mmoja wa kofia, Njuguna, akaketi kwa kiti sijamaliza kupanguza, laptop kwa magoti.

"Boss, network hapa ikoje?"

"Iko sawa ukiangalia upande wa ng'ombe."

Akageuza kiti akaangalia ng'ombe. Nikapita nyuma yake na viti, macho ikaenda kwa laptop. Ilikuwa imeandikwa: AMEKUBALI! CHELAGAT ALIA MACHOZI YA FURAHA MBELE YA WAZAZI.

Wageni hawajafika. Hata chai haijachemka. Jamaa akapost Bonde Moto, akageuza maneno kidogo, akapost Udaku wa Nax, akaendelea hivyo.

"Buda, hizi page zote ni zako?"

"Zangu wapi? Ni za Kilele. Walinunua redio, wakanunua na page zote kubwa za udaku Nakuru. Ukisoma kitu kwa page nne unadhani watu wanne wameona."

"Na hii page ya Chelagat?"

"Hiyo ni ya kwanza. Iko kwa mkataba. Yule dem hata password hana."

"Sasa inbox zake hujibiwa na nani?"

"Na mimi. Ni kukopi na kupeist tu. Kwani uliandika?"

"Niliandika. Mimi ni Kahiga."

Akatoa kofia.

"Kahiga wa 'Chela, ni kweli'? Aii. Pole, boss. Hiyo siku inbox ilikuwa imejaa, hata sikusoma yako yote."

Nilitaka kumgeuza pamoja na hicho kiti. Badala yake nikaenda nyuma ya hema, nikamtoa Chelagat kwa block, nikaandika.

"Chela. Ni mimi."

"Leo ndio umekumbuka?"

"Nilidhani ni wewe ulinijibu. Nimejua saa hii."

"Nilikupigia mpaka nikachoka. Nikatumia simu ya rafiki yangu Jerop, ukamblock na yeye, na hajakukosea."

"Uko wapi?"

"Jikoni. Nakuona ukizunguka hema kama kuku imepoteza yai."

Nikaangalia jikoni. Dirisha ndogo, moshi, na nyuma ya moshi uso nilikuwa nimeuona kwa simu tu miezi yote. Alikuwa amekonda.

"Si umwambie mzee ni kiki?"

"Nilisaini, Kahiga. Nikiongea natoka redio, na page yangu inabaki na wao. Waliniambia ni picha na chai tu. Wanadhani koito ni kama birthday! Baba anajua ni ya ukweli. Amechinja. Ametoa mursik yake ya maana."

"Na ikimwagwa?"

"Hiyo ndio naogopa."

Akaongeza:

"Kuna asubuhi nilikuwa nasoma tangazo la ploti nikataka kuweka jina lako katikati. Nilijua unaskiza."

Hapo wageni wakaingia. Makokha na suti mpya, nyuma yake wazee wanne na kofia za kufanana, hadi bei ya moja ilikuwa bado imening'inia. Anko Muiruri akaninong'onezea:

"Hao wazee wametoka duka moja?"

Mzee Kimeli akawakaribisha vizuri, akaweka kibuyu miguuni. Kamera zikaanza. Akamuuliza yule mzee wa mbele:

"Wageni, huyu kijana ni wenu vipi?"

Mzee akamwangalia Njuguna.

"Ni... ni mtoto wetu. Wa tangu zamani."

"Mama yake anaitwa nani?"

"Anaitwa Mama Makokha."

Watu wakacheka. Mzee Kimeli hakucheka.

"Chelagat, kuja hapa."

Akatoka jikoni na leso mabegani, akasimama mbele ya baba yake. Nilikuwa nimeshikilia nguzo ya hema, na wacha niseme ukweli, nguzo ndio ilikuwa imenishikilia.

"Hawa watu wamesema wamekuja kwa ajili yako. Unawajua?"

Kwa kawaida msichana hujibu ndio, akiangalia chini, na akina mama wanapiga vigelegele. Akina mama walikuwa wameshafungua midomo.

"Sema ndio," Njuguna akanong'ona nyuma ya kamera. "Tuko live, sema ndio."

"Baba, Makokha namjua. Tunafanya kazi na yeye, hajawahi nikosea. Lakini hawa wazee ni mara ya kwanza nawaona. Wameletwa na kampuni ndio iuze nyumba."

"Zima live! Zima!" Njuguna akapiga kelele.

Makokha akafungua tai.

"Mzee, nisamehe. Mimi nina bibi Webuye. Na tangu hii mambo ianze hajanipikia, hajaniongelesha."

Ng'ombe pekee ndio iliongea. Mzee Kimeli akachukua kibuyu, akakifunika, akampea mkewe arudishe ndani. Nilidhani atachukua rungu.

"Mmekuja kwa boma yangu kucheza," akasema pole pole. "Wazee wapewe chai, hata wao wametumwa. Halafu wote muende. Na wewe, Chelagat, ungeniambia mapema."

"Niliogopa, baba. Mshahara wangu ndio unasomesha wadogo wangu, kina Kipkoech."

"Kwa hivyo ungeolewa na karo?"

Machozi ikamtoka, na hakuna kamera ilikuwa inaishika. Mzee akamwacha alie kidogo, halafu akauliza:

"Hakuna hata mmoja hapa unamjua?"

Akainua mkono, akanionyesha.

"Huyo ameshika nguzo."

"Huyo wa hema?"

"Huyo wa hema."

Macho yote ikahamia kwangu. Anko Muiruri akanisukuma mgongo.

"Mzee, mimi ni Kahiga. Mama yangu ni Mugure, wa Turi."

"Unataka nini kwa hii boma, Kahiga?"

"Namtaka yeye, mzee. Tangu shule."

"Kwetu kijana hajiombei. Nenda utafute watu wenu. Wenye wanajua jina la mama yako."

Gari za kampuni zilishuka Nakuru kabla chai ipoe. Zile page nne hazikufuta kitu. Wakaongeza tu kwamba network ilipotea na wapenzi wanaomba faragha. Nilikuwa nakunja hema Chelagat akakuja akashika upande wa pili. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni, anatuangalia kama askari wa benki.

"Wameshanifuta," akasema. "Wametuma meseji. Jumatatu nisiende."

"Na page?"

"Iko hapo bado. Chelagat wa page ameposti saa hii ana furaha sana." Akajaribu kucheka. "Sina kazi, Kahiga. Sina hata jina online."

"Hata mimi sina hema. Hii ni ya anko."

Akacheka, na hiyo ndio ilikuwa kicheko chake, si ya kazi. Nilitaka kumshika mkono, hema ilikuwa katikati yetu na mzee alikuwa mlangoni. Nikatoa simu badala yake, nikapigia mathe, nikaweka loudspeaker.

"Mathe, tunaweza pata wazee wawili wiki ijayo?"

"Wa nini?"

"Wa kuenda kwa kina Chelagat."

"Kahiga! Wewe kijana uko sawa? Si huyo amechumbiwa leo? Nimesoma, alilia mpaka machozi ya furaha. Hata chama yangu ya wamama yote wamesoma. Nimekaa hapa nikikuhurumia, mtoto wangu, nimekupikia mokimo."

Chelagat akasogea karibu na simu.

"Mama, habari ya jioni. Ni mimi Chelagat."

"Chelagat nani?"

"Huyo wa kwa simu yako. Hakuna mtu amenichumbia, mama. Nimesimama hapa na Kahiga, tunakunja hema."

Tukaskia sufuria ikifunikwa.

"Sasa mwambie aharakishe na hiyo hema," akasema. "Mzee Waithaka ndio atatuongelea kwenu, na hulala mapema. Lazima tumwone leo."