Raymundi Alisema Swichi Imezimwa

"Leo nakuua, mla kumbikumbi we!"

Ngumi ya Raymundi ilinitua sikioni kabla sijageuka. Nikaona nyota mchana kweupe, nikaenda chini mimi na kikombe changu cha chai. Akanifuata hukohuko chini akanishindilia teke la mbavu, tena kwa buti la kadeti lenye njumu.

Na watu? Watu walicheka.

Makarani walicheka, wapakia mizigo walicheka, hata mama muuza maandazi pale uwanja wa ndege wa Tabora alishika kiuno akacheka. Kwani Raymundi ni Mzaramo wa Pugu, na mimi Alois ni Mnyamwezi wa Goweko. Watani. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, Mzaramo akimtukana Mnyamwezi ni salamu, akimkwida shingo ni mapenzi. Basi na mimi, mdomo umejaa damu, nikacheka.

"Mtani, mguu wako mwepesi! Kwenu hamli ugali?"

Mmoja tu hakucheka. Bertila alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha redio na chakula cha baba yake mkononi. Akaweka sufuria chini, akaja akaniinua kwa kwapa.

"Alois, huyu hatanii."

"Ananitania, bwana. Ndiyo desturi."

"Mtani hutukana. Tangu lini mtani akavunja mbavu? Juzi kanitaka, nikamkataa. Akaniambia, 'Basi utaolewa na maiti.'"

"Maiti mwenyewe ndiye mimi?"

"Kuna mwingine niliyemwambia nampenda?"

Mbavu ziliacha kuuma palepale. Mapenzi ni dawa, ila hayaungi mfupa, kama mtakavyoona.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na saba, ndiyo mara ya kwanza vijana weusi kuingizwa kwenye kadeti ya anga pale Tabora. Kapteni Pirsi, Mwingereza mwenye masharubu ya ufagio, alitufundisha kurusha kindege cha viti viwili. Mzee Dionis, baba yake Bertila, alitufundisha redio. Na Mzee Dionis hakukuruhusu ushike redio mpaka uwe ndege wewe mwenyewe. Ulitanua mikono, ukatembea majanini ukiuzunguka uwanja, kopo la maziwa mdomoni, ukitangaza kila kona na kumalizia kwa 'ova', yaani nimemaliza, sema wewe.

"Mnara wa Tabora, hapa Kadeti Alois, nakata kona ya mwisho, naomba kutua, ova!"

"Kadeti Alois, tua. Rudia nilichosema!"

"Nimeambiwa nitue, ova!"

Wachunga mbuzi walituona wendawazimu. Redioni tulisema Kiingereza, lakini nawaandikia Kiswahili kwa sababu hapa hakuna mtihani.

Mzee alikuwa na neno moja alilotupigia kichwani kama msumari: "Angani hakuna 'nilidhani.' Uliza, ujibiwe, urudie. Mtu asiyeuliza ni muuaji."

Tayari alikuwa amenikubalia nilete mshenga. Raymundi alilijua hilo.

Asubuhi moja tulipangwa pamoja kuwasha injini. Mmoja hukaa ndani kwenye swichi, mwenzake huzungusha pangaboi la puani kwa mkono. Kwanza unalizungusha swichi ikiwa imezimwa, ili injini inyonye mafuta, kisha ndipo inawashwa. Swichi ikiwashwa kabla ya wakati, pangaboi linaruka lenyewe, na likipiga haliulizi huyu mtoto wa nani.

Raymundi alikaa ndani. Mimi nilisimama mbele.

"Swichi imezimwa?"

"Imezimwa."

"Nasema, imezimwa?"

"Imezimwa, mtani! Au unataka nikuapie kwa kaburi la bibi yako?"

Nikacheka. Nikashika pangaboi, nikalivuta.

Likalia *paa!* Mkono wangu wa kulia ukapinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Niliona mfupa mweupe umetoka nje kunichungulia. Ncha ya pangaboi ilinipita usoni karibu kiasi cha kunipuliza nyusi. Nikaanguka chali, damu inaruka kwa mapigo ya moyo, na nyuma ya kioo nikamwona Raymundi. Alikuwa ametulia kama mtu anayengoja chai ipoe.

Hospitali walinishona, wakaniunga, wakanifunga plasta hadi begani. Siku ya nne Mzee Dionis alikuja. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uliuliza swichi?"

"Niliuliza, mzee. Mara mbili. Akajibu imezimwa."

"Raymundi ameapa mbele ya Kapteni kwamba hukuuliza. Anasema ulikuwa unacheka, ukavuta."

"Nilicheka baada ya kuuliza!"

"Ulicheka." Akatikisa kichwa. "Wewe kila siku unacheka, Alois. Mlikuwa wawili tu pale. Mmoja anajulikana kwa mzaha, mwenzake kasimama wima kaapa. Mimi nimeshika redio tangu vita vya Hitila, nimesikia watu wakifa kwa sababu ya mtu mmoja asiyeuliza. Siwezi kumpa binti yangu mtu wa namna hiyo. Mshenga asije."

"Mzee..."

"Na Raymundi ameleta wa kwake. Nimempokea."

Pangaboi halikuniumiza hivyo.

Bertila alikuja jioni, macho mekundu, ngumi kazikunja.

"Nimegombana na baba. Nimempa sufuria zake apike mwenyewe."

"Unaniamini?"

"Nakuamini. Lakini baba hataki kuamini, anataka kusikia. Na nani atamsikilizisha? Raymundi atajishtaki mwenyewe?"

"Labda akilewa."

"Usinichekeshe, Alois! Jana alinishika njiani Kanyenye, mbele ya duka la Tajdin, akanipinda mkono mpaka nikapiga magoti. Watu wakasema, 'Mwacheni, ni mchumba wake.'"

Akakunja mkono wa gauni. Alama za vidole vya Raymundi zilikuwepo, nyeusi. Mzaha wote ulinikauka kinywani.

Nilipotoka hospitali, Kapteni aliniweka kwenye chumba cha redio, kwa kuwa mwenye mkono mmoja harushi ndege. Mzee Dionis alinipa kiti cha pembeni na hakunisemesha. Siku hiyo Raymundi alikuwa anaruka peke yake mara ya kwanza. Bertila alikuja kwa lazima. Baba alitaka amwone mchumba wake akitua.

"Mnara wa Tabora, hapa Kadeti Raymundi, nimeondoka ardhini, ova."

"Kadeti Raymundi, nimekusikia. Zunguka kushoto, ova."

Jua la kiangazi lilikuwa linachemsha hewa. Tuliona kindege kikirushwarushwa kama kishada. Na kadeti mgeni akiogopa hufanya kosa moja ambalo Kapteni alitukanya mpaka akakauka koo, nalo ni kukaba usukani. Kitufe cha kusemea kipo hapohapo kwenye usukani. Ukiukaba, umekibonya. Na ukikibonya, dunia nzima inakusikia wewe, lakini wewe humsikii mtu.

Redio ikakoroma, kisha ikaja sauti. Kwa Kiswahili.

"Yesu na Maria! Mama yangu! Linapinduka hili, linapinduka!"

"Kadeti Raymundi, achia kitufe, ova!" Mzee alisema.

"Bwana Mungu, nishushe salama nitaungama. Nitaungama yote. Ile swichi... aliniuliza. Aliniuliza mara mbili, nikamwambia imezimwa, na mimi nimeiwasha kwa mkono wangu. Nilitaka mkono tu, Bwana. Mkono tu." Injini ikanguruma. "Uongo. Nilitaka kichwa."

Kapteni Pirsi, mwenye Kiswahili cha jikoni, aligeuka.

"Anasema nini huyu?"

Mzee Dionis alikuwa amesimama, vifaa vya masikioni vinaning'inia shingoni. Bertila alimtazama baba yake.

Hewa juu ikatulia, na toba ya Raymundi ikaisha papo hapo.

"Haya, haya. Mwanamume mimi. Bertila nikimweka ndani tu, atajua. Ule mkono nilimpinda kwa adabu. Siku ya pili ni mkanda, ya tatu hatainuka."

Mzee alishika meza kwa mikono miwili. Kisha akaangalia dirishani, uso ukambadilika tena.

"Ndege ya barua!"

Ilikuwa inatoka mashariki, kubwa, abiria ndani, inashuka kwenye njia ileile. Na Raymundi alikuwa anakata kona ya mwisho mbele yake, haioni.

"Siwezi kumpata yeyote," Mzee alisema. "Kidole chake kimetuziba sote. Fataki! Fataki nyekundu!"

Bastola ya fataki, ya kumkataza rubani asitue, ilikuwa ukutani karibu na mimi. Nisiwafiche, nafsi ilininong'oneza, "Mwache. Mungu amepanga." Lakini ndani ya ile ndege kubwa kuna watu hawajawahi kunitukana. Nikaichukua kwa mkono wa kushoto, nikakimbia nje, nikafyatua.

Moto mwekundu ukapasuka juu ya uwanja. Ndege kubwa ikanguruma, ikainua pua, ikatupita juu ikitikisa mabati. Raymundi alikata kona ya kulia kwa hofu, kindege kikaporomoka kama kuku aliyepigwa jiwe, gurudumu likavunjika, kikalima majani, kikasimama kwa pua.

Nilifika wa kwanza. Petroli ilikuwa inatiririka. Nikamfungua mkanda wa kiti, nikamvuta kola kwa mkono mmoja, nikamburuta mpaka mbali. Paji lake limepasuka, damu imemfunika jicho.

"Redio iliharibika," alisema akihema. "Waambie redio iliharibika."

"Redio nzima, Raymundi. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Swichi. Kichwa. Mkanda wa siku ya pili."

Alinitazama. Kisha nikaona mkono wake ukiingia mfukoni mwa ovaroli, ukatoka na spana.

Pigo la kwanza lilipasua plasta yangu. La pili lilinipata mdomoni, nikameza jino moja na jingine nikalitema. Akanikalia kifuani, goti kooni, akainua spana juu.

"Hakuna aliyesikia! Maiti haisemi!"

Nilijaribu kupumua, hewa haikuja. Nikaona mbingu inakuwa nyeusi pembeni. Ghafla kukalia *kop!* kama nazi inayopasuliwa. Raymundi akapepesuka. *Kop!* tena. Akanilalia.

Bertila alikuwa amesimama juu yetu na ile bastola ya fataki niliyoiangusha, kaishika mtutu, kitako kina damu na nywele.

"Mtani hutukana!" alimpigia kelele mtu aliyezimia. "Nimesema, mtani hutukana!"

Akainua mara ya tatu. Mzee Dionis ndiye aliyemshika mkono.

"Basi, mwanangu. Basi."

"Basi? Ulinitoa kwa huyu, baba! Alois alikuambia aliuliza!"

Mzee alivua kofia. Watu wa uwanjani walikuwa wamefika, walewale wa siku ya teke. Hakuna aliyecheka.

"Mtani akimwaga damu ya mtani," alisema, "utani umekufa. Mimi niliiona damu ile ya kwanza na sikuuliza. Alois, binti ni wako."

Bertila akamgeukia. "Baba, mimi si debe la asali. Mimi nimeulizwa na nani?"

Nikajiinua kwa kiwiko, mdomo umevimba kama andazi.

"Be'ila. U'ani'ubali?"

"Sijakusikia."

"U'ani'ubali?"

"Sema vizuri, Alois. Hakuna mzaha hapa."

Nikatema damu, nikashika taya kwa mkono, nikalitoa neno moja moja. "Bertila. Utanikubali? Na mkono huu mbovu? Na meno haya?"

"Nakubali." Kisha akakaa chini majanini, bastola mapajani, ndipo akalia.

Raymundi aliamka hospitali na polisi kando ya kitanda. Kapteni alipotafsiriwa maneno yote alinyonyoa unywele wa sharubu. Mkono wangu uliunga vibaya, sikurusha tena ndege, nikabaki na Mzee chumba cha redio.

Tulifunga ndoa kanisani mwezi wa mavuno. Padri aliponiuliza, nilijibu "Ndiyo, padri," na pale penye pengo ikatoka filimbi ndefu, safi, kama ya garimoshi linaloingia stesheni. Benchi la nyuma likaangua kicheko.

Bertila akageuka taratibu na shela yake. Akawatazama benchi moja baada ya jingine.

Kanisa lote likanyamaza kimya, na padri mwenyewe akasogea nyuma hatua moja kabla ya kumwuliza yeye.