Kiti cha Nyuma Kushoto

Fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Jeki alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja. Ule wa kwenye mifupa, unaolala nawe na kuamka nawe. Siku hizi kila mtu alitaka gari lake la familia liinuliwe. Gari la kupelekea watoto shule na kubebea vitunguu, mwenyewe anataka lipande milima kama mbuzi. Jeki hakukataa kazi. Aliweka springi ndefu, akavisha tairi zenye meno, akafunga bamba la chuma chini ya injini lisitobolewe na mawe, akajifuta jasho na kumwita anayefuata.

Aliyefuata asubuhi hiyo alikuwa dada yake, wa tumbo moja.

Dada alikuwa muuguzi. Alishuka garini akiwa bado na sare, macho mekundu kwa kukesha wodini.

"Mdogo wangu, niinulie hili gari. Liinue mpaka matope yenyewe yalionee haya."

Jeki hakuuliza matope gani. Msimu wa mvua uliopita, dada alipanda mlimani kumchukua mama mkwe wake aliyekuwa mgonjwa sana. Bibi hakutaka kuondoka. Alishikilia mlango wa nyumba yake kwa mikono miwili hadi dada akamwachisha kidole kimoja kimoja. Bondeni, kwenye kijito, gari likazama matopeni, likalalia tumbo. Bibi alikata roho humohumo, kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akiomba arudishwe kwake. Na kwa kuwa njia ya mlimani ilikuwa imekatika, walimzika mjini.

"Shemeji yako anataka tukaifagie ile nyumba," dada alisema. "Mimi na gari la chini hivi, njia ile sipiti tena."

Jeki alifanya kazi kwa moyo, maana ilikuwa ya damu yake. Alipomaliza, gari lilisimama limetunisha kifua kama jogoo. Akaenda kunawa mikono.

Aliporudi, upande wa nyuma kushoto ulikuwa umeshuka.

Akalaani kimoyomoyo, akaingiza jeki, akafungua gurudumu. Springi ilikuwa nzima, mpya, bado ina rangi ya kiwandani. Akairudisha. Ikashuka. Akabadilisha, ya kulia akaileta kushoto. Kushoto kukashuka tena. Na Jeki, katika miaka yake yote ya kulala chini ya magari, alijua jambo moja: springi haisemi uongo. Ikishuka, kuna uzito.

Akafungua mlango wa nyuma.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mkanda ulikuwa umefungwa. Na haukulala kwenye kiti. Ulikuwa umetuna, kana kwamba umepita juu ya kifua cha mtu.

Alinyoosha mkono, akabonyeza. Mkanda ulifunguka, lakini haukuruka kurudi mahali pake kama mikanda inavyoruka. Ulirudi taratibu. Ulisita kidogo, kama uliokwama kwenye nguo. Kisha ukaendelea.

Dada alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hushuka hivyo hivyo nikiendesha," alinong'ona. "Tangu siku ile. Nilijiambia springi zimezeeka."

"Shemeji anajua?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake hajashuka?"

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamechoka mno hata kuogopa kuliwajia kwa shida. Jeki akachukua ufunguo.

"Twende tumpeleke kwake, dada. Alichoomba si kikubwa."

Ilikuwa mchana, ila ukungu ulikuwa umeshuka mlimani kama blanketi. Jeki aliendesha, dada akaketi kando yake. Hakuna aliyegeuka nyuma. Gari lilipanda mawe na kuruka mifereji bila kulalamika, na katika siku nyingine fundi angejisifu. Siku hiyo alisikiliza tu namna upande wa kushoto ulivyokuwa ukizama kwenye kila shimo.

Wakafika bondeni. Tairi zikaingia kwenye tope, zikauma, zikasonga.

Katikati ya kijito, gari likasimama.

Jeki hakuwa amekanyaga breki. Injini ilikuwa ikiunguruma. Maji yalipita chini yao. Kisha gari likainama upande wa kulia, polepole, kama linavyoinama mtu mzito anapopanda. Hakuna mlango uliofunguka.

Nyuma yao, mkanda ukalia. Kak.

"Umefunga wewe?" dada alinong'ona.

"Mikono yangu iko kwenye usukani."

Harufu ya tope bichi ikajaa ndani. Dada akafumba macho. Gari likaanza kwenda lenyewe, nyuma limelala pande zote mbili.

Mbele ya nyumba, Jeki alisimama bila kuzima injini. Upande wa kushoto ukainuka kidogo kidogo, ukatulia, ukainuka tena, kama mzee anayesaidiwa kushuka.

"Umefika, mama," dada alisema, machozi yakimtiririka. "Pumzika."

Kisha upande wa kulia ukainuka. Mara moja.

Waligeuza gari, wakateremka. Lilikuwa jepesi kama kopo. Dada alifika kwake akalala na sare, viatu miguuni, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mazishi.

Shemeji, baada ya dada kumweleza kwamba wamemrudisha mama yake kwake, alipanda mlimani peke yake wakati wa kiangazi, ardhi imekauka hadi inapasuka. Mchana huo simu ya Jeki ikaita.

"Shemeji," sauti ilikuwa ya chini sana. "Nimefungua kufuli, mlango haufunguki. Umetiwa komeo kwa ndani. Niko dirishani."

"Unaona nini?"

"Nyayo za tope. Za mama nazijua, alikuwa akiburuta mguu. Zimeingia chumbani, zimeishia kitandani." Jeki alisikia pumzi yake. "Shemeji, mlimleta mama peke yake?"

Jeki akaketi juu ya tairi.

"Kwa nini unauliza?"

"Kuna nyingine. Kubwa, hazina vidole. Zimemfuata hadi kitandani, kisha zimerudi mlangoni. Zimesimama hapo nyuma ya komeo, zimeelekea nje. Na shemeji, nyumba nzima ni kavu. Lakini hizo mbili za mwisho bado zinachuruzika maji."