Ng'ombe Mia Tatu wa Mzee Lomayani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Silantoi alimsaidia babu yake, mzee Lomayani, kufungua zizi. Ng'ombe walitoka wakisukumana, na mara nyingi mmoja wao alimbeulia Silantoi usoni. Mwalimu Sumari alikuwa amewafundisha kuwa ng'ombe akibeua hutoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia, na kwamba kila nchi hukadiria gesi zake mwaka hadi mwaka ili ijue kama zinapanda au zinashuka.

Sasa darasa la sita lilikuwa linakadiria gesi ya ng'ombe wa kijiji chao, karibu na Ngaramtoni, kwa mwaka huu na kwa mwaka ule wa miaka kumi iliyopita. Mchoro wao ungepelekwa kwenye maonyesho mjini Arusha, na Silantoi ndiye aliyechaguliwa kuueleza. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta idadi ya ng'ombe wa kwao, maana wakizidi, gesi nayo huzidi. Tatizo lilikuwa babu.

"Babu, tuna ng'ombe wangapi?"

Mzee alishtuka kana kwamba ameulizwa ana meno mangapi. "We Silantoi! Ng'ombe hahesabiwi. Unataka kuwaitia balaa?"

"Na wale wa miaka kumi iliyopita?"

"Hao nao hawahesabiwi. Nenda shule."

Silantoi aliona aibu kufika bila jibu. Njiani akabuni.

"Mia tatu, mwalimu," alisema. "Zamani walikuwa ishirini."

Mstari wa mchoro ulipanda hadi ukapita mwisho wa karatasi. Mwalimu akabandika ya pili, kisha ya tatu.

"Jamani!" alisema Joel, mchekeshaji wa darasa, akiziba pua. "Kumbe joto lote hili linatoka kwa kina Silantoi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Sumari hakucheka. "Jumamosi nitakuja niwaone hao ng'ombe," alisema.

Lakini habari zilimtangulia. Joel alimsimulia mama yake, na mama yake alikuwa anauza nyanya sokoni. Jumamosi asubuhi akatokea mzee Yiamat, ndugu ambaye hawakuwa wamemwona tangu Krismasi.

"Kijana wangu anaoa," alisema. "Nimekuja kuomba dume. Katika mia tatu, mmoja hata hutamkosa."

Nyuma yake alikuja mzee wa kanisa, Elisaria, akitaka ndama wa mnada wa mavuno. "Wawili, ndugu yangu, maana Mungu amekubariki sana."

Lomayani alitazama wageni, akatazama zizi. "Mia tatu? Wanalala wapi, kitandani kwangu?"

Hapo Mwalimu Sumari akaingia, mchoro kwapani. Silantoi alitamani kujificha nyuma ya ng'ombe, lakini hawakutosha kumficha. Akajitokeza, machozi yakimlengalenga.

"Nilidanganya, mwalimu. Babu alikataa kuwahesabu, nikabuni. Mchague mwingine aende mjini."

Babu alikohoa. "Kuhesabu siwezi," alisema taratibu. "Lakini kutaja naweza."

Akaanza: Narok yule mweusi, Naibor yule mweupe, Pembe Moja, Mpiga Teke. Kwa kila jina Silantoi aliweka punje ya mahindi kwenye sahani. Punje zikawa kumi na nne. Kisha wakaja wale wa zamani, na hapo bibi akaingilia.

"Yule mkia mfupi mtoe! Tulishamuuza tukajenga choo."

"Choo kilijengwa baadaye!"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mwalimu akamwambia Silantoi, "Andika kati ya kumi na nane na ishirini na mmoja." Kumbe ng'ombe wa babu walikuwa wamepungua, na mstari wao ulikuwa unashuka!

"Silantoi," aliendelea kwa upole, "kukadiria si kubuni. Anayekadiria huuliza, hueleza alivyopata jibu lake, na pale asipokuwa na uhakika husema wazi. Ungeniambia tu kuwa babu amekataa, tungetafuta njia pamoja. Mjini utakwenda, ila utawaeleza pia wale mia tatu walitoka wapi."

"Nitaeleza, mwalimu," alisema Silantoi, akibandua zile karatasi mbili za juu.

Babu akanyoosha mkono. "Lete hapa, usitupe." Akazikunja vizuri, akampa mzee Yiamat. "Chukua, ndugu yangu. Dume wako yumo humu."

Mzee Yiamat akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba chai nyingine, ya moto.