Herufi Nane Zilizobaki

Datius alifika kazini Miembeni Jumatano asubuhi amechoka, kama tulivyochoka sote tangu mazishi. Ni mtoto wa binti yangu huyo. Anatunza mashine inayopokea uzito wa kahawa kutoka kwenye mzani wa ghala la Kanazi, ghala la marehemu mwanangu Kashaija.

Alishanieleza mara nyingi. Maneno ya mtandao huja yamefuatana kama maji ya bomba, huoni moja linaishia wapi. Kwa hiyo kila ujumbe unatanguliza idadi yake: zinakuja herufi kadhaa. Mashine inahesabu, zikitimia inafunga. Zikipungua inangoja. Datius alisahau kuiwekea mwisho wa kungoja.

Siku hiyo ilikuwa inangoja ujumbe kutoka Kanazi. Idadi ilisema thelathini na tatu. Zilikuwa zimefika ishirini na tano, ukihesabu na nafasi, hata ile ya mwisho:

Kibanja cha chini ni cha

Akazima, akawasha. Yakarudi yaleyale.

 Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Kashaija kuhusu shamba lake, sote tuliyasikia yakiishia hapo. Palepale mdogo wake Clavery aliinama kumwekea mto vizuri. Alipoinuka akasema kaka amemaliza, kibanja kanipa mimi. Wote wawili nimewazaa mimi, ningesema nini? Tukazika, tukachoma mto na matandiko. Sasa mjane, Anatolia, alikuwa amepewa hadi Jumamosi awe ameondoka.

Datius akampigia Clavery, maana ufunguo wa ghala anao yeye. Akaja nao mfukoni. Akasema ghala limefungwa tangu msiba, hata umeme ulikatwa. Kisha akasoma kwenye kioo. 

"Malizia," akanong'ona. "Andika jina langu."

"Mjomba waitu, huu si ujumbe wangu."

"Andika. Nimechoka na nyumba ile ya marehemu."

Datius akaandika Clavery. Herufi saba. Mashine ikazipokea, ikaendelea kungoja. Bado moja.

Kisha zile saba zikafutika. Hakuna aliyegusa.

Ikaja A. Wakangoja. Ikaja n. Ikaja a. Clavery akajiziba mdomo kwa mkono. Zilipotimia nane, jina la Anatolia likakaa pale, ujumbe ukafungwa.

Nyuma yake ukaja uzito. Kilo hamsini na mbili. Kashaija alipougua alikuwa akijipima kwenye mzani wake. Mara ya mwisho alisoma hizohizo.

Walikwenda Kanazi kwa pikipiki moja. Kufuli lilikuwa zima, limeshika vumbi. Clavery akafungua mwenyewe. Mzani ulikuwa unawaka. Juu yake mto. Ule mto. Katikati umebonyea vidole vitano.

Anatolia hajahama. Clavery haulizi tena kibanja, wala haongei na mimi, na mimi nimechoka kumuuliza. Mto niliuchoma tena kwa mkono wangu, nikaukalia macho mpaka ukawa majivu. Lakini mzani ule, hata usipowekewa kitu, unasoma hamsini na mbili. Wakulima wanazitoa hizo kwanza, ndipo wanahesabu kahawa yao.