Chumba Chenye Mlango Mmoja

Mtungi ulirudi umejaa. Jambo hilo lilimkera Mama Mitungi kabla hajajua kama ni la kuogopa.

Yeye ndiye aliyejaza mitungi ya hewa katika duka lao la uzamiaji, na jina lile alipewa kwa kazi hiyo, maana mtoto hakuwa naye. Aliyekuwa naye ni mdogo wake wa kiume, ambaye watu walimwita Kiboko kwa kupenda maji. Wageni wanaojifunza kuzamia walitaka kuona meli iliyozama, na ndugu hawa walikuwa wameipata moja iliyofaa: kina kifupi, mwanga wa jua unaifikia, mkondo hakuna, nayo imekaa wima kama iliyoegeshwa. Ilibaki kukaguliwa. Mama Mitungi alikuwa na mafua na masikio yalimziba, hivyo Kiboko akashuka peke yake. Alikaa chini mpaka dada akaanza kunung'unika botini. Alipopanda, mshale wa geji ya kupimia hewa ulikuwa palepale dada alipouacha wakati wa kujaza.

"Ulikuwa unapumulia masikio?" alimtania.

"Geji imekufa, dada," Kiboko alisema huku akitabasamu. Hakuwa akihema hata kidogo.

Dada akafunga geji nyingine. Nayo ikasema vilevile.

"Na vyumba je?" aliuliza. Marehemu baba yao, aliyewafundisha kazi, aliwaachia sheria moja: chumba cha meli kisicho na njia ya pili ya kutokea hakiingiwi. Kinafungwa, na mgeni hapelekwi karibu.

"Vyote vina njia mbili, isipokuwa kimoja cha nyuma. Mlango ulifungwa mnyororo kwa nje. Nimeukata nione ndani."

"Umeingia?"

"Nimechungulia tu."

Nani anayepoteza muda kufunga mnyororo mlango wa meli inayozama? Swali lilimpitia Mama Mitungi kichwani likatoka, kwa sababu simu iliita na mgeni alitaka kujua kama kuna mapezi ya miguu mikubwa.

Walikaa vyumba vya nyuma ya duka. Kuanzia siku ile nyumba ilinuka kutu. Alipiga deki, akafua mapazia, akamlaumu paka, lakini harufu haikutoka, na ilikuwa kali zaidi karibu na kitanda cha Kiboko. Halafu kulikuwa na usingizi wake. Kiboko alikuwa mtu wa kukoroma mpaka majirani wanafunga madirisha. Sasa alijinyoosha mchana baada ya chakula na chumba kikawa kimya kama ghala. Dada alimwinamia, akamwekea sikio kifuani, akasubiri kifua kipande, akasubiri tena mpaka shingo ikamuuma, na alipoinua uso akakuta macho ya mdogo wake yako wazi, yanamtazama.

"Wageni wanakuja lini?" aliuliza Kiboko taratibu. "Nataka niwaingize kwenye kile chumba. Watakaa wengi tu."

Mama Mitungi akajibu kwamba atawapigia simu. Akawapigia kweli, akawaambia boti imeharibika, na alipokata, simu ikamponyoka.

Alipoinama kuiokota ndipo aliposikia. Chini ya maji wazamiaji huitana kwa kugonga mtungi, na ndugu hawa walikuwa na mlio wao wa kugonga tangu utotoni: mara mbili, kimya, mara moja. Maana yake, njoo. Mlio huo ulitoka ndani ya mtungi uliosimama ukutani, hafifu, kama wa mtu aliyechoka, na Kiboko wakati huo alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, kichwa amekiinamisha upande, naye anasikiliza.

Mganga aliyemkimbilia alikuwa mshona mapazia wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye maneno mengi. Alikuja kwa kisingizio cha kupima dirisha. Alimtazama Kiboko mara moja, akaviringisha futi yake, akamvuta Mama Mitungi hadi barabarani, na maneno yake mengi yote yalikuwa yamekwisha.

"Huyo siye," alinong'ona. "Wako amewekwa kule."

"Yuko hai?"

"Jini hali amana yake haraka. Tutamrudisha jini huyo mlangoni, wako atatoka. Lakini wewe usivuke kizingiti, mwanangu. Hata unyayo. Anayeingia ndiye anayebadilishwa."

Walikwenda saa za jua kali, na yule kiumbe alipanda botini bila ubishi alipoambiwa kuwa mshonaji ndiye mgeni wa kwanza. Mganga aliogopa bahari kuliko majini. Alikaa katikati ya boti amevaa maboya mawili, akafukiza ubani na kusoma huku meno yake yakigongana, mpaka yule kiumbe akalegea na kufuata mkono kama kipofu. Mama Mitungi, masikio yakiwa bado yameziba, akapiga moyo konde, akashuka naye. Mkono alioushika ulikuwa baridi na laini mno, na njia nzima aliona povu linalopanda juu ni lake peke yake.

Mlango ulikuwa wazi. Yule kiumbe aliingia bila kugeuka, na giza la ndani likamyeyusha kama chumvi majini, miguu kwanza, halafu mgongo, halafu uso ule alioulea tangu mama yao afe, na mahali pake, mbali kidogo kuliko urefu wa mkono wa mtu, kikatokea kiganja cha kweli chenye kovu la kisu, kikigonga ukuta mara mbili, kimya, mara moja. Alinyoosha mkono. Haukufika. Alijivuta mpaka bega likakwama mlangoni, na kile kiganja kikaanza kulegea, na akaikumbuka sheria ya baba, akakumbuka kizingiti, na damu ni nzito kuliko maji.

Aliingia.

Alimtoa. Akausukuma mlango, akaufunga kwa mnyororo mpya aliokuja nao, na wakaibukia juani. Kiboko alikohoa, akalia kama mtoto, mshale wa geji yake umelala kwenye sifuri. Mganga alimkumbatia, naye akilia. Mama Mitungi aliwatazama. Hakusikia baridi wala uchovu, na mafua yote yalikuwa yamepona.

"Dada," Kiboko alisema, na sauti yake ikafifia. Alikuwa anaangalia geji ya dada yake. Mshale haukuwa umesogea. "Dada, mbona huhemi?"

Chini ya boti kitu kiligonga mara mbili, kikanyamaza, kikagonga mara moja.

"Geji imekufa," alisema Mama Mitungi, akatabasamu.